Kutoka Abaluhya hadi AFC: Venye Timu za Jamii Zilipoteza Majina 1980, na Kwa Nini Wasee wa Isiolo Wanafaa Kuijua Hii Stori

Uliza mafans kumi wa boli herufi A, F na C za AFC Leopards zinasimamia nini. Wawili watakujibu, wanne watabahatisha, waliobaki watakuambia "hiyo ni Ingwe tu, maliza hapo." Ukweli ni kwamba herufi hizo tatu zimewahi kuwa na maana mbili tofauti. Na kati ya maana ya kwanza na ya pili kuna amri ya rais.

Sasa wewe uko Isiolo, labda Bulla Pesa, Kiwanjani ama Kambi Garba, unashangaa stori ya timu za Nairobi inakuhusu aje. Tulia. Hii ni stori ya watu waliounda timu wakaipa jina la watu wao, halafu gavaa ikasema jina hilo litoke. Timu zingine zilivuka, zingine zikazama. Na mji kama Isiolo, wenye Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru kwa barabara moja, ndio mji ambao swali hilo bado liko moto: timu ikibeba jina la jamii, inajenga ama inabomoa?

Twende pole pole, kuanzia mwanzo.

ILIANZA AJE

Nairobi ya wakoloni haikuwa mji wa kukaribisha Mwafrika. Ulikuja kufanya kazi reli, kwa nyumba ya mzungu ama kwa kiwanda, na ulitegemewa urudi ocha kazi ikiisha. Hakuna mtu alikuwa anakupangia maisha. Ukiugua, ni juu yako. Ukifa, mwili wako kufika nyumbani ilikuwa shida ya wenzako.

Ndio maana watu wakaunda vyama vya kijamii. Luo Union, Abaluhya Association, New Akamba Union na vingine. Kazi yao ilikuwa ya maana sana: kuchangia matanga, kusafirisha maiti, kulipia mtoto fees, kumtafutia kijana aliyefika jana mahali pa kulala. Usione kama ni ukabila wa siasa. Kwa msee wa mtaa kama Kaloleni ama Makongeni, chama ndicho kilikuwa bima, benki na familia.

Na penye kuna vijana na wikendi, lazima kuwe na boli. Vyama vikaunda timu. Jumapili ukienda uwanjani, uliskia lugha ya kwenu, ukapata habari za nyumbani, ukamwona binamu uliyempoteza miezi sita. Timu haikuwa ya mchezo peke yake. Ilikuwa anwani ya watu wasio na anwani.

Ligi ya taifa ilipoanza 1963, mwaka wa uhuru, bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. Mwaka uliofuata, 1964, kombe likaenda kwa Luo Union. 1965 likashuka Pwani kwa Feisal ya Mombasa. Cheki hayo majina: timu ya mji, timu ya kabila, timu ya Waswahili wa Mombasa. Kenya ilikuwa ndio imezaliwa, na kila mtu alikuwa anaingia ligi na watu wake.

ABALUHYA: TIMU ILIYOUNGANISHA WATU WALIOKUWA WAKISHINDANA

Hapa ndipo wengi hukosea. Watu hudhani Abaluhya ilikuwa timu ya kutenga wengine. Ukiangalia venye iliundwa, utaona mambo ni kinyume.

Jina lenyewe "Abaluhya" si la kale sana. Lilianza kushika kasi miaka ya 1930 na 1940, kama mwavuli wa jamii nyingi za magharibi: Wamaragoli, Wabukusu, Wanyore, Wasamia, Wamarama, Watiriki, Wakisa na wengine. Kabla ya hapo, Mmaragoli alikuwa Mmaragoli na Msamia alikuwa Msamia. Na boli ilikuwa hivyo hivyo. Kila kikundi kilikuwa na timu yake Nairobi, na mechi zao zilikuwa kali kinoma.

Mnamo Machi 1964 timu hizo ndogo zikaungana, zikawa Abaluhya United. Baadaye ikaitwa Abaluhya Football Club. Fikiria kidogo: wazee wa vikundi zaidi ya kumi wamekaa meza moja, kila mmoja ameambiwa aache jina la timu ya babake ili kuwe na timu moja. Hiyo si kazi rahisi hata leo. Kwa hiyo timu tunayoiita "ya kabila moja" ilianza kama mradi wa kuunganisha watu waliokuwa wakionana kama wapinzani.

Na matokeo yakaja haraka. Ubingwa wa 1966, wa 1967, wa 1970, wa 1973. Ndani ya timu hiyo kulikuwa na Joe Kadenge, yule ambaye mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alimfanya aingie kila nyumba yenye redio kwa maneno matatu tu: "Kadenge na mpira." Mpaka leo mzee wa Isiolo ambaye hajawahi kukanyaga Kakamega anajua hayo maneno. Kulikuwa pia na Jonathan Niva, aliyekuwa nahodha wa Kenya ilipocheza Kombe la Mataifa ya Afrika mara ya kwanza, kule Cameroon 1972.

GOR MAHIA: JINA LA MGANGA

Upande wa pili, Waluo walikuwa na shida yao: nguvu zimegawanyika. Kulikuwa na Luo Union, kulikuwa na Luo Stars. Februari 1968 pande hizo mbili zikaungana na kuunda Gor Mahia. Wanasiasa wakubwa wa jamii kama Tom Mboya walikuwa nyuma ya mpango.

Jina walilochagua halikuwa la kabila. Gor Mahia alikuwa mganga mwenye sifa za ajabu katika simulizi za Waluo, mzee wa Kanyamwa huko Nyanza Kusini, aliyesemekana kujigeuza na kupotea mbele ya maadui. Ukifikiria, ni jina tamu kwa timu ya mpira: adui anakuja kukukaba, haoni mtu. Kumbuka hili jina, ju litakuja kuwa na kazi kubwa baadaye.

Msimu wao wa kwanza, 1968, Gor wakachukua ligi. Mwaka wa 1976 walichukua tena bila kupoteza mechi hata moja. 1979 wakafika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, wakakutana na Canon Yaoundé ya Cameroon na wakachapwa vibaya: mbili bila hapa nyumbani, sita bila kule ugenini. Iliuma, lakini klabu ya Kenya kufika fainali kama hiyo haikuwa mchezo.

Luo Union nayo haikufa baada ya muungano. Ilirudi kivyake, ikachukua ligi 1975, halafu ikabeba Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, 1976 na 1977. Shikilia hiyo pia.

KWA NINI INAITWA MASHEMEJI DERBY

Gor na Ingwe wakikutana, hiyo mechi inaitwa Mashemeji Derby. Haikuitwa derby ya maadui. Waluo na Waluhya ni majirani kule magharibi, wameoana miaka na mikaka, na ukienda kwa nyumba nyingi utakuta mama ni wa kijani na baba ni wa buluu na nyeupe. Shemeji unaweza kumtania, ukamcheka akifungwa, ukamnyima chai siku hiyo. Lakini kesho kuna matanga na mtachimba kaburi pamoja.

Si kusema ilikuwa amani kila siku. Mawe yamerushwa, viti vimeng'olewa, watu wameumia. Lakini jina lenyewe linakuonyesha mafans walijielewa aje: sisi ni wawili, lakini tuna undugu.

NA ISIOLO ILIKUWA WAPI WAKATI HUO?

Hapa ndipo stori inatugusa moja kwa moja.

Isiolo ni mji uliojengwa na wageni, kama Nairobi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwapa askari wa Kisomali waliowapigania, wengi wao Isaaq na Herti, nafasi ya kukaa hapa. Waborana wa Waso walikuwa hapa na mifugo yao, Wasamburu na Waturkana vile vile, Wameru wako mlimani karibu. Mchanganyiko huo ungetosha kuzalisha timu za kutisha.

Lakini kaskazini ilifungwa. Enzi za mkoloni, wilaya ya mpaka wa kaskazini ilikuwa eneo la vibali: huingii, hutoki, bila karatasi. Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963. Wiki mbili baadaye, tarehe 28 Desemba, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari eneo lote hili kwa sababu ya vita vya Shifta. Watu wakakusanywa kwenye kambi zenye ulinzi. Mifugo ikachukuliwa ama ikauawa. Waborana wa Waso mpaka leo huita kipindi hicho Gaafa Dhaabaa, yaani wakati ambapo kila kitu kilisimama.

Sasa weka kalenda mbili kando kando. Machi 1964 Nairobi, wazee wa Kiluhya wanaunganisha timu. Machi 1964 Isiolo, raia yuko chini ya hali ya hatari. 1968 Gor Mahia inabeba ligi. 1968 familia za huku ndio zinajaribu kuanza tena bila ng'ombe. Sheria ya hali ya hatari haikuondolewa mpaka 1991.

Kwa hivyo mtu akikuuliza kwa nini kaskazini haina klabu ya miaka sitini yenye makombe kwa kabati, usimwambie ni ju watu wa huku hawapendi boli. Klabu ya jamii inahitaji vitu vitatu: watu kukusanyika bila kuogopa, barabara ya kwenda mechi, na pesa kidogo ya mchango. Wakati wenzetu walikuwa wanapata hivyo vitatu, huku vyote vitatu vilikuwa vimefungwa.

1980: AMRI INATOKA

Daniel arap Moi alikuwa rais tangu 1978. Vyama vya kikabila vilikuwa vimepata nguvu kubwa, na si nguvu ya matanga tu. Kubwa zaidi ilikuwa GEMA, ya Wagikuyu, Waembu na Wameru, yenye mali na biashara. Mwaka wa 1976 baadhi ya wanasiasa wa upande huo walikuwa wamejaribu kubadilisha katiba ili Moi, wakati huo makamu wa rais, asirithi kiti moja kwa moja. Moi hakusahau.

Mwaka wa 1980 vyama vya kikabila vikaambiwa vivunjwe. GEMA ikaisha, Luo Union ikaisha, na vingine vyote. Sababu iliyotolewa ilikuwa umoja wa taifa. Sababu isiyosemwa kwa sauti ilikuwa kwamba rais hakutaka kundi lolote lenye pesa na watu ambalo halitoki mkononi mwake. Zote mbili zilikuwa kweli kwa wakati mmoja, na hiyo ndio siasa.

Timu za mpira zikaingia kwa mkumbo huo huo. Jina lenye kabila, litoke.

Abaluhya Football Club walifanya kitu cha akili. Herufi zao zilikuwa A, F, C. Wakazibakisha hivyo hivyo na kuzipa maana mpya: A na F sasa zikasimamia "wanasoka wote". Wakaongeza chui, Leopards, ambaye kwa Kiluhya ni ingwe. Kwa karatasi, kabila limetoka. Kwa jukwaa, fan anapiga kelele "Ingwe!" kwa lugha ya mamake, na hakuna askari anaweza kumkamata kwa kutaja mnyama.

Luo Union walijaribu ujanja unaofanana. Wakaitwa Re-Union. Ukitamka haraka, unaskia karibu kitu kile kile.

Na Gor Mahia? Hilo lilikuwa jina la mtu, si la kabila. Mganga aliyesemekana hakamatiki, jina lake pia halikukamatika. Mpaka leo klabu inaitwa hivyo.

NANI ALIVUKA, NANI ALIZAMA

Sasa angalia kilichofuata, ju hapa ndipo funzo liko.

Abaluhya walikuwa mabingwa wa Afrika Mashariki na Kati 1979, wakiwa na jina la zamani. Jina likabadilishwa 1980, na mwaka huo huo wakachukua ligi. Wakachukua tena 1981 na 1982. Halafu kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo: 1982, 1983, 1984. Ukijumlisha na Gor waliolibeba 1980, 1981 na 1985, utaona kwamba kuanzia 1979 hadi 1985, miaka saba, kombe hilo halikutoka mikononi mwa mashemeji wawili.

Na ndani ya Leopards ya miaka hiyo, langoni alisimama Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa, Mswahili wa Pwani. Huyo ndiye waliyemwita "Kenya One". Mbele yake walicheza watu kama J.J. Masiga, daktari wa meno ambaye wikendi alikuwa mshambuliaji. Mafans wa Kiluhya walimpenda Abbas kama mtoto wao. Hakuna aliyemuuliza shagz ni wapi. Aliulizwa kitu kimoja tu: unadaka ama hudaki?

Gor nao 1987 wakafanya kile ambacho klabu nyingine ya Kenya haijawahi kufanya mpaka sasa. Wakachukua Kombe la Washindi barani Afrika, lililoitwa Kombe la Mandela. Fainali ilikuwa dhidi ya Espérance ya Tunisia: mbili mbili kule Tunis, moja moja hapa Nairobi, kombe likabaki kwa goli la ugenini. Nahodha alikuwa Austin Oduor, na Peter Dawo ndiye aliyekuwa moto wa mabao.

Re-Union ndio ilizama. Polepole ikapoteza wachezaji, ikapoteza mafans, ikatoka ligi kuu. Timu iliyokuwa bingwa wa kanda mara mbili mfululizo leo kijana wa miaka ishirini hajawahi kuiskia. Mafans wake walikuwa na pa kwenda: Gor ilikuwa pale pale, jina tamu, makombe yanakuja. Re-Union ilibaki na herufi bila watu.

Umeona? Leopards walibadilisha jina, watu wakabaki, klabu ikaishi. Re-Union walibadilisha jina, watu wakahama, klabu ikaisha. Jina ni bendera. Bila mkono wa kuishika, ni kitambaa.

UJERUMANI: WALIPOTOA WATU, SI JINA

Kuna nchi ambayo stori kama hii ilienda mbali zaidi, na ni vizuri kuijua ili tusichanganye uzito wa mambo.

Ujerumani, Wayahudi walicheza boli tangu siku za kwanza za mchezo huo kule. Wengi walikuwa kwa klabu za kawaida. Julius Hirsch wa Karlsruhe alikuwa Myahudi wa kwanza kuchezea timu ya taifa ya Ujerumani, akawa bingwa wa nchi 1910 na Karlsruher FV na 1914 na Fürth, halafu akapigania Ujerumani kwenye Vita vya Kwanza. Bayern München ilipochukua ubingwa wake wa kwanza 1932, rais wake alikuwa Kurt Landauer, Myahudi.

Wengine waliunda klabu zao. Bar Kochba ilianzishwa Berlin 1898, ikabeba jina la shujaa aliyepigana na Warumi. Jirani kule Austria kulikuwa na Hakoah ya Vienna, neno la Kiebrania linalomaanisha nguvu, iliyochukua ubingwa wa nchi 1925. Sababu zao ungezielewa ukiwa Kaloleni: watu waliochekwa na kuitwa wadhaifu walitaka mahali pa kuonyesha misuli na kuwa pamoja.

1933 Wanazi wakashika serikali. Landauer akaachia kiti Bayern mwezi Machi. Aprili, klabu kubwa za kusini zikatangaza kwamba ziko tayari kuwaondoa Wayahudi, na hii walijipeleka wenyewe. Hirsch alisoma hiyo habari kwa gazeti. Alikuwa mwanachama wa klabu yake kwa miaka thelathini hivi. Akaandika barua ya kujiuzulu kabla ya kufukuzwa.

Wayahudi waliofungiwa milango wakajaa kwa klabu zao wenyewe, na kwa miaka michache klabu hizo zikakua kuliko wakati wowote. Haikuwa furaha. Ni vile hapo ndipo pekee walikuwa wanaruhusiwa kucheza. Novemba 1938 masinagogi yakachomwa na klabu zote za Kiyahudi zikafungwa. Waliobahatika walitoroka nchi, na wachache walifika hata Kenya. Hirsch hakutoroka. Machi 1943 alipakiwa kwa treni kupelekwa Auschwitz, na hakurudi.

Ona tofauti. Kenya 1980, gavaa ilitoa jina na kuwaacha watu. Ujerumani, gavaa ilitoa watu, na wenzao wa klabu wakafungua mlango ili watolewe. Si kitu kimoja na usiwahi kusema ni kitu kimoja. Lakini inakuonyesha hatari yenyewe iko wapi. Haiko kwa timu yenye jina la jamii. Iko siku ambayo timu inaambiwa "mtoeni huyu kwa sababu ya damu yake", na wenzake wananyamaza.

Na Wayahudi walirudi. Landauer alikuwa ametoroka Uswisi, akarejea na kuongoza Bayern tena 1947. Mwaka wa 1970 klabu kadhaa za Berlin ziliungana kuwa TuS Makkabi Berlin. 2023 ikashinda kombe la Berlin na kuwa klabu ya kwanza ya Kiyahudi kucheza Kombe la Ujerumani. Ilichapwa sita bila na Wolfsburg, lakini siku hiyo matokeo hayakuwa stori. Stori ilikuwa kikosi: Wayahudi, Wakristo na Waislamu, jezi moja yenye nyota ya Daudi kifuani.

LEO MAMBO YAKO AJE

Turudi nyumbani. Ingwe hawajachukua ligi tangu 1998. Mwishoni mwa miaka ya 2000 walishuka hadi daraja la chini kabla ya kurudi. Gor walikaa kiu kutoka 1995 hadi 2013, kisha wakaanza tena kuchukua mfululizo. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa Waluo peke yao: Meddie Kagere na Jacques Tuyisenge ni Wanyarwanda, na Dan Sserunkuma ni Mganda. Shabana ya Kisii nayo ilirudi ligi kuu 2023 baada ya miaka mingi nje, na Gusii Stadium ikafurika.

Wapinzani wao wengi ni timu za mashirika: benki, bandari, polisi, jeshi. Hizo zina mshahara kila mwezi na basi jipya. Timu za jamii zina msoto, madeni na viongozi wanaogombana. Lakini zina kitu ambacho shirika haliwezi kununua, yaani watu wanaokuja hata wakijua watafungwa. Ndio maana shirika likikata bajeti timu inakufa kwa msimu mmoja, lakini Ingwe wanaishi zaidi ya miaka ishirini na tano bila kombe la ligi.

SASA WEWE WA ISIOLO

Hapa kwetu timu huzaliwa kwa mtaa, na mtaa mara nyingi ni jamii. Mbogi ya Kambi Garba, ya Bulla Pesa, ya Kiwanjani. Hakuna dhambi hapo. Wale wazee wa 1964 walianza hivyo hivyo. Lakini pia tunakumbuka 2011 na 2012, wakati jamii zilipigana hapa mpaka maelfu wakahama makwao. Kwa hivyo hatuwezi kujifanya jina na jezi ni mapambo tu.

Ukitaka kuunda timu itakayoishi kuliko wewe, hii historia inakuachia mambo manne ya kuweka kichwani.

Kwanza, unganisha walio karibu. Abaluhya na Gor zilikuwa na nguvu kwa sababu timu ndogo zilikubali kufa ili kubwa iishi. Isiolo ikiwa na timu ishirini zisizo na viatu, haitawahi kuwa na moja yenye kombe.

Pili, chagua jina ambalo mtu wa nje anaweza kulipenda. Mganga, chui, mto. Waso Ng'iro inapita kwa kila mtu, inanywesha ngamia wa Msomali, ng'ombe wa Mborana na mbuzi wa Mturkana. Mto haulizi kitambulisho.

Tatu, fungua mlango wa lango. Timu ikikubali kipa wa jamii nyingine, imepita mtihani. Siku unamtetea Abbas wako mbele ya watu wa kwenu, siku hiyo umekuwa klabu.

Nne, andika mambo. Sheria ya Michezo ya 2013 iliweka Msajili wa Michezo. Sajili timu, weka katiba, weka daftari la pesa. Vyama vya kitambo vilidumu ju kila mtu alijua shilingi yake imeenda wapi.

Na kama siku moja mtu mkubwa atakuja kuwaambia mbadilishe jina, mnaweza kubadilisha. Akija kuwaambia mtoe mtu, hapo msimamo uwe mmoja: huyu ni wetu, haendi popote.